Gramu Moja Imekwenda Wapi?

Jirani yangu alikuja jioni na miche miwili ya sabuni, akaiweka kwenye kibaraza changu, mmoja huku na mwingine kule, kama mtu anayepeleka ushahidi kwa mjumbe wa mtaa. Mmoja ulikuwa mweupe kama tui. Mwingine ulikuwa na rangi ya chungwa lililopauka kwa jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nitazame mikono."

Viganja vilikuwa vyekundu, na kwenye maungio ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka. Akaniambia kwamba ule mche mweupe ameuuza mwaka wa tatu sasa na wateja wanaurudia. Huu wa pili ndio unaokula mikono. "Na kostiki nimeweka ileile," akasema, "gramu kwa gramu."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mafuta ya nazi yalikuwa yamepanda bei hapa Tanga, naye akapata mawese ya Kigoma kwa bei ya kumridhisha. Kanuni aliyokuwa nayo, aliyopewa na shoga yake, ilisema kilo moja ya mafuta kwa gramu 174 za kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi. Akatoa nazi, akatia mawese, kostiki asiiguse. Kilo ni kilo, na mizani yake ni nzuri, aliinunua mpya. Niliingia ndani nikatoka na kichupa cha fenofthalini, kiashiria kinachogeuka waridi penye kostiki, nikadondosha tone kwenye kila mche ulioloweshwa maji kidogo. Mweupe ulionyesha waridi hafifu, la kutafuta kwa macho. Ule wa mawese ukawaka waridi kama ua la asumini ya kizungu, na rangi ikawa inasambaa. Ndani ya sabuni ile mlikuwa na kostiki iliyokosa mafuta ya kushikana nayo, na sasa ilikuwa inayatafuta kwenye ngozi za watu.

Nikaenda kuleta karatasi na kalamu. Nakiri kwamba nilifurahi, ingawa mikono ya jirani yangu iliniuma moyo. Nimefundisha hesabu hizi kwa watoto wa kidato cha tatu miaka mingi, na ni mara chache mno mtu huzileta mlangoni zikiwa na uso wa mtu na harufu ya mawese.

Vitabuni hesabu hizi huitwa stoikiometria. Jina hilo liliundwa na Mjerumani Jeremias Benjamin Richter mwaka 1792 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la elementi na jingine la kupima. Richter alishughulika na asidi na besi: asidi kiasi gani hutosha kuimaliza besi kiasi gani, asibaki huyu wala yule. Ni swali la jirani yangu, limevaa nguo nyingine tu.

Molekuli moja ya mafuta, nikamweleza, ni kama kitana chenye meno matatu. Mgongo wake ni glisarini, na meno yake ni mikia mitatu ya asidi za mafuta. Kutengeneza sabuni ni kuikata mikia ile na kuipa kila mmoja sodiamu yake. Mikia mitatu, basi kostiki tatu kwa kila molekuli ya mafuta. Hilo halibadiliki kwa nazi wala kwa mawese wala kwa alizeti. Kinachobadilika ni urefu wa mikia. Nazi ina mikia mifupi. Mingi yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Mawese yana mikia mirefu ya kaboni 16 na 18. Kwa hiyo molekuli ya nazi ni nyepesi na ya mawese ni nzito.

"Mama, ukienda ferini ukanunua kilo ya dagaa na kilo ya vibua, mizani itasema ni sawasawa?"

"Sawasawa."

"Mikia je?"

Akacheka. Alikuwa ameshafika kabla yangu.

Dagaa wana mikia mingi zaidi kwa kilo, na kila mkia unadai kostiki yake. Kwa namba ilikuwa hivi. Moli moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa takriban gramu 655, na ya mawese takriban gramu 847. Gramu 1000 za nazi ukizigawa kwa 655 unapata moli 1.53, mara tatu ni moli 4.58 za kostiki. Na moli moja ya kostiki ni gramu 40, basi gramu 183. Shoga yake alikuwa amepunguza asilimia tano, ndiyo 174. Gramu 1000 za mawese ukizigawa kwa 847 unapata moli 1.18, mara tatu, mara 40, ni gramu 142. Jirani yangu alitia 174. Gramu 32 katika kila kilo ya mafuta hazikuwa na mwenzi.

Ninataka kukaa kidogo juu ya njia ile ya kutoka gramu 1000 hadi gramu 142, kwa sababu uzuri wa kazi hii uko njiani. Tulianza na gramu, tukamaliza na gramu, lakini katikati tuliziacha gramu kabisa. Tulivuka kwenda upande wa pili, upande wa idadi, ambako moja hukutana na tatu, kisha tukarudi. Uzito wa mafuta na uzito wa kostiki havina lugha moja. Hakuna kanuni ya maumbile inayosema gramu ya hiki inataka gramu ngapi za kile. Maumbile yanahesabu vichwa, au tuseme mikia. Mkokotoaji ni mkalimani kati ya mizani, ambayo ndiyo tuliyonayo mkononi, na idadi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihesabu kwa kidole.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa nalijua hilo. Nilipokuwa kidato cha tatu tulipewa mlinganyo wa maji: molekuli mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni hutoa mbili za maji. Tukaulizwa gramu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba gramu 2 za haidrojeni na gramu 1 ya oksijeni hutoa gramu 2 za maji. Mwalimu wetu alisimama nyuma yangu kwa muda. Hakunikemea. Aliweka kidole chini ya 2, chini ya 1, chini ya 2, kisha akauliza: "Gramu moja imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha. Nilikuwa nimechukua namba zinazokaa mbele ya fomula, ambazo ni namba za vichwa, nikazivisha kizio cha gramu. Molekuli mbili za haidrojeni si gramu 2. Ukizivusha vizuri, moli 2 za haidrojeni ni gramu 4, moli 1 ya oksijeni ni gramu 32, na maji yanayotoka ni gramu 36. Nne na thelathini na mbili, thelathini na sita. Daftari limefunga.

Neno moli ndilo linalowatisha wengi, na naona linatisha kwa sababu huletwa na namba yake kubwa imeshikwa mbele kama panga. Mimi huanza na korija. Watu wa pwani wanalijua neno hili. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, kwa sababu hakuna mfanyabiashara mwenye muda wa kuhesabu boriti moja moja. Mayai tunayahesabu kwa trei, viatu kwa jozi, madaftari kwa dazani. Moli ni ndugu yao. Ni korija ya vitu vidogo mno, na kwa kuwa ni vidogo mno korija yake ni kubwa mno: 602,214,076,000,000,000,000,000. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi katika mfumo wa vipimo vya kimataifa bila desimali ya kubahatisha. Moli moja ya maji ni mililita 18, vijiko vitatu na nusu vya chai. Watu bilioni 8 wangekaa chini kuihesabu, kila mmoja molekuli moja kwa sekunde, bila kulala, wangemaliza baada ya miaka zaidi ya milioni mbili.

Ndiyo maana tunapima badala ya kuhesabu. Muuza misumari hufanya hivyohivyo: ukimtajia misumari mia tano hahesabu, anajua kilo ngapi. Anachohitaji ni kujua uzito wa msumari mmoja, au wa mia. Kemia ilikaa nusu karne ikiutafuta uzito huo. Amedeo Avogadro wa Italia alitoa ufunguo mwaka 1811, aliposema kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Maana yake ni kwamba ukipima chupa mbili zinazolingana zenye gesi tofauti, umelinganisha uzito wa molekuli moja na nyingine bila kuiona hata moja. Wachache walimsikiliza. Alifariki mwaka 1856. Mwaka 1860, katika mkutano wa wakemia uliofanyika Karlsruhe mwezi Septemba, Mwitalia mwenzake Stanislao Cannizzaro aliisimamia hoja hiyo, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe waliokuwa wakijiandaa kuondoka. Mrusi Mendeleev, ambaye baadaye alipanga jedwali la elementi, alikuwamo ukumbini. Namba yenyewe ilikuja kupimwa baadaye sana. Mfaransa Jean Perrin aliipima kwa njia kadhaa, na ndiye aliyeipa jina la Avogadro, mwaka 1909. Mimi hukumbuka hilo kila mwanafunzi anaponiambia kwamba hesabu za moli zimemchukua wiki mbili na bado hazijamwingia. Ulimwengu mzima ulichukua miaka hamsini.

Sasa ukurasa. Ninaweza kumjua mkokotoaji mzuri kwa kutazama ukurasa wake kutoka mbali, kabla sijasoma namba. Wa kubahatisha huandika namba zikiwa tupu: 1000 gawa 847 mara 3 mara 40. Kila namba imevuliwa jina lake, na akikosea hapana pa kulishika kosa. Mzuri huandika gramu 1000 za mawese, kisha mstari wa sehemu wenye moli 1 ya mawese juu na gramu 847 za mawese chini, kisha sehemu nyingine yenye moli 3 za kostiki juu na moli 1 ya mawese chini, kisha gramu 40 za kostiki juu ya moli 1 ya kostiki. Halafu kalamu inapita. Gramu za mawese zinakata gramu za mawese. Moli za mawese zinakata moli za mawese. Moli za kostiki zinakata moli za kostiki. Kinachobaki bila kukatwa ni gramu za kostiki, na ndicho kilichoulizwa. Kikokotoo bado hakijaguswa, na mwanafunzi tayari anajua kwamba njia ni sahihi.

Ile mistari midogo ya kukatia vizio ninaipenda kama fundi anavyopenda harufu ya mbao. Inasema kwamba mtu huyu hakuruka. Kuna pembetatu moja inayozunguka mashuleni, yenye uzito juu na moli na uzito wa moli chini; mtoto hufunika herufi anayoitafuta kwa kidole na kupata kanuni. Inatoa majibu. Lakini imemsaidia kutofikiri mahali ambapo kufikiri ni rahisi na kuna raha, na siku akiulizwa kwa maneno mengine kidole hakijui kifunike wapi. Siifundishi.

Badala yake nawataka waniambie kwa mdomo. Masomo ya sekondari hapa kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza, na hilo mimi silibadilishi peke yangu. Lakini nasikia wanavyonong'onezana wakikwama, na wananong'onezana kwa Kiswahili: kwa kila moja ya hii, ngapi za ile? Hapo ndipo hesabu inapofunguka. Lugha yetu ina "kwa kila" iliyo tayari, kongwe, ya sokoni na ya jikoni. Mtoto aliyetumwa dukani kwa mafungu amekwisha kufanya uwiano mara elfu moja kabla hajakutana na mlinganyo wa kemikali. Nikimwona amekwama namwambia afunike kitabu, aniambie kwa kila moja ya hii ngapi za ile, na mara nyingi anafika kabla hajamaliza sentensi.

Pwani ina darsa jingine la kazi hii, nalo ni la kale kuliko shule zote. Nilipokuwa mdogo nilimwona mzee akichoma chokaa. Magogo yalipangwa duara, juu yake vipande vya matumbawe, na moto ukawaka usiku kucha. Asubuhi mawe yalikuwa bado na umbo la mawe, lakini ukiyanyanyua yalikuwa mepesi mkononi kama yamenyonywa. Yalikuwa yamenyonywa kweli. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti karibu lote. Moli moja ni gramu 100. Moto unaipasua: gramu 56 za chokaa zinabaki chini, gramu 44 za hewa ukaa zinapaa. Mtu asiyekokotoa angesema moto umekula karibu nusu ya jiwe. Joseph Black, akifanya kazi Scotland katika miaka ya 1750, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupima upotevu wa namna hiyo kwa mizani na kusema kwamba iliyotoka ni hewa yenye uzito wake.

Kisha mzee alinyunyizia maji. Mawe yalitoa sauti, yakapasuka, yakafuka mvuke, yakawa unga mweupe. Hapo gramu 56 zimechukua gramu 18 za maji, sasa ni 74. Unga huo ukakandwa, ukapakwa ukutani, na ukuta ukaachwa. Watu husema chokaa inakauka. Inakauka, ndiyo, lakini miezi na miaka inavyopita inafanya jambo kubwa zaidi: inavuta hewa ukaa kutoka hewani, gramu 44, na kuziachia zile 18 za maji. Sabini na nne, jumlisha arobaini na nne, toa kumi na nane. Mia moja.

Nilipoikamilisha hesabu hii kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, niliweka kalamu chini. Kuta za Kilwa Kisiwani na za mji wa kale wa Lamu zimefungwa kwa chokaa ya namna hii. Jiwe lilitoka baharini, likachomwa likawa unga, likapandishwa ukutani, na pale ukutani likarudi kuwa jiwe lilelile, kalsiamu kaboneti, gramu mia kwa mia. Waashi wa Kilwa hawakuhitaji namba hizi ili kujenga. Lakini mimi ninazihitaji ili nione walichokifanya. Na viwanda vya saruji leo hupasua jiwe la jamii ileile kwa moto, kwa hesabu ileile: kwa kila kilo 56 za chokaa inayotoka ndani ya jiwe, kilo 44 zinapanda bombani, kabla hatujaongeza moshi wa mafuta yaliyochomwa. Anayetaka kuzungumza habari za saruji na tabianchi na aanzie hapo.

Antoine Lavoisier aliandika mwaka 1789, katika kitabu chake cha misingi ya kemia, kwamba katika kila tendo la kazi ya mikono au la maumbile kiasi cha vitu kabla na baada ni kilekile, na kwamba bila kukubali hilo hakuna jaribio la kemia linaloweza kukokotolewa. Aliyasema hayo akieleza jinsi maji ya zabibu yanavyogeuka mvinyo. Alikuwa pia mtoza kodi, na kwa hilo alikatwa kichwa Paris tarehe 8 Mei 1794. Sijui kama wanafunzi wangu wanahitaji habari za kifo chake, lakini nawaambia, kwa sababu nataka wajue kwamba mstari wanaouona kuwa wa kawaida, wa pande mbili zinazolingana, uliwekwa na mtu aliyepima kila kitu, pamoja na hewa.

Kuna aina moja ya swali ambayo naipenda kuliko zote, nayo ndiyo wanafunzi wanayoichukia kuliko zote: pale unapopewa kiasi cha vitu viwili na kuulizwa utapata kiasi gani cha kile kinachotengenezwa. Fundi seremala hana taabu nalo. Mlango mmoja unataka kitasa kimoja na bawaba tatu. Ana vitasa 20 na bawaba 45. Atafunga milango 15, na vitasa vitano vitabaki kwenye boksi. Bawaba ni nyingi kuliko vitasa, na bado ndizo zinazokwisha kwanza. Mwanafunzi hutazama gramu na kusema kilicho kidogo ndicho kitakachokwisha. Fundi anagawa bawaba kwa tatu kwanza, kisha ndipo analinganisha.

Na mtengeneza sabuni anakwenda hatua moja mbele ya fundi, kwa maana yeye huchagua nani aishiwe. Ile asilimia tano aliyopunguza shoga wa jirani yangu haikuwa ubahili. Kostiki ikipungua kidogo, ndiyo itakayokwisha kwanza, na mafuta machache yatabaki ndani ya mche, yalainishe ngozi. Ikizidi, mafuta ndiyo yatakayokwisha, na kitakachobaki kitauma. Kanuni ile ilikuwa na busara ndani yake, ila busara hiyo ilikuwa imeandikwa kwa namba ya nazi.

Shuleni hatima ya hesabu hizi huonekana kwa macho siku ya jaribio la bureti. Nimesimamia majaribio haya mara nyingi nisiyoweza kuitaja idadi, na bado moyo hunidunda. Mtoto amevuta sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi kwa pipeti, ameziweka kwenye chupa ya koni, ametia matone mawili ya methili oranji. Maji yamekuwa manjano. Juu yake bureti imejaa asidi ya haidrokloriki. Mkono wa kushoto unashika bilula, wa kulia unazungusha chupa. Mwanzoni asidi inashuka mfululizo na hakuna kinachotokea. Kisha pale tone linapotua panaanza kuonekana doa jekundu, linazungushwa, linapotea. Mwenye haraka hapa ndipo anapoharibu. Mwenye mkono mzuri anafunga bilula hadi inatoa tone, linaning'inia, linakata. Anazungusha. Tone jingine. Anasafisha ukingo wa chupa kwa maji kidogo. Tone jingine, na chupa nzima inageuka rangi ya chungwa, kwa mara moja, na hairudi.

Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya sentimita moja ya ujazo. Katika asidi ya moli 0.1 kwa lita, tone hilo limebeba chembe za asidi bilioni tatu mara bilioni moja, na jicho la mtoto wa miaka kumi na saba, kwenye maabara yenye feni mbovu, limeona lilipotua. Anasoma bureti: 24.20. Anaandika. Anarudia mara tatu, na kama zinakaribiana anachukua wastani, kisha anakaa chini na ile ngazi niliyoieleza, kizio kwa kizio, mpaka ajue asidi yake ilikuwa na nguvu gani. Sijui kazi nyingine ya shule ambamo mkono na akili hukaguliwa pamoja namna hii. Akikokotoa vizuri kwa namba aliyoisoma vibaya, jibu litamsema. Akisoma vizuri akakokotoa vibaya, litamsema pia.

Mifuko ya mbolea nayo hubeba hesabu hizi mgongoni. Yurea imeandikwa asilimia 46 ya naitrojeni. Chukua moli moja, gramu 60. Ndani yake atomi mbili za naitrojeni ni gramu 28. Gawa, na namba ya kwenye mfuko inatokea. S/A, yaani amonia salfeti, ina gramu 28 zilezile za naitrojeni, lakini ndani ya gramu 132, ndiyo maana mfuko wake unaandikwa 21. Mkulima akilinganisha bei za mifuko miwili ya kilo 50 analinganisha kilo 23 za naitrojeni na kilo 10 na nusu. Ningependa kila duka la pembejeo liwe na mtu wa kumwonyesha hilo kwa kalamu.

Sabuni ile iliyoharibika hatukuitupa. Kama kostiki imezidi, kinachokosekana ni mafuta, na mafuta yanaweza kuongezwa. Gramu 174 za kostiki, kwa kuacha ile asilimia tano, zinatosha kilo 1.29 za mawese. Kwa hiyo kila kilo iliyokwisha kutumika ilidai gramu 290 nyingine. Tuliikwangua miche yote kwenye sufuria kubwa ya chuma cha pua, tukaiyeyusha kwa moto mdogo na maji kidogo, yeye amevaa glavu safari hii, tukatia mawese yaliyopimwa, tukakoroga mpaka mikono ikachoka. Baada ya wiki mbili alileta kipande. Fenofthalini ilitoa waridi hafifu, la kutafuta kwa macho.

Juzi alikuja tena. Sikuona sabuni mkononi. Alikuwa na daftari la mraba la mwanawe, limefunguliwa ukurasa wa katikati. Anataka kuchanganya, akasema: mawese peke yake hayatoi povu zuri, nazi peke yake ni ghali. Gramu 600 za mawese, gramu 400 za nazi. Nikanyoosha mkono nichukue kalamu, akanizuia.

"Subiri kwanza, mwalimu. Nimeshapiga. Wewe angalia tu."

Alikuwa ameandika gramu 142 kwa kila gramu 1000 za mawese, na gramu 183 kwa kila gramu 1000 za nazi, na amekata gramu za mawese kwa gramu za mawese kwa mstari mdogo wa kalamu nyekundu, na za nazi kwa za nazi. Gramu 85.2 upande mmoja, 73.2 upande mwingine, jumla 158.4. Ametoa asilimia tano. Chini kabisa, akapigia duara, gramu 150.5 za kostiki.

Nilirudia hesabu kimya kimya, kutoka juu hadi chini. Kisha nikamuuliza kama mizani yake inaonyesha nusu gramu.

"Inaonyesha," akasema.